Nguva wa Yande

Wifi yangu Yande akinuna, nyumba nzima tunatembea kwa ncha za vidole. Safari hii alinuna wiki tatu, na aliyenuniwa ni kaka yangu Latyr.

Latyr alirudi kuvua na wavu wake mpya wa buluu una tundu la kupitisha mbuzi. Akasema umechanwa na jiwe. Jiwe! Delta yetu ya Saloum ni tope na mikoko mpaka unachoka. Na tangu siku hiyo nguva jike wetu hakuonekana tena kwenye chemchemi, ndani ya mkono wa bahari tulioufunga wenyewe wanakijiji, usivuliwe hata dagaa. Yande ndiye mlinzi wake. Ijumaa alitakiwa kuiambia kamati ya kijiji anamshuku nani kwa kumuua, na aliyemshuku alilala naye kitanda kimoja.

Alhamisi mimi na Yande tulimpeleka mgeni chemchemini kwa mtumbwi, mwalimu Demba, Mtukuleri, mtani wetu sisi Waserere.

"Huyo nguva yupo," akauliza, "au mlishamla?"

Siku nyingine Yande angemrarua. Leo alitazama maji tu, ikabidi nijibu mimi.

"Nyamaza, mtumwa wetu! Tungekuuza, ila nani atamnunua mtu asiyejua kuogelea?"

Maji yalipokupwa, chemchemi ikaanza kububujika maji yasiyo na chumvi. Hapo ndipo nguva huja kunywa. Tulingoja mpaka miguu ikafa ganzi.

Kisha pua pana ikachomoza, ikapumua kwa nguvu. Ubavuni pake, pua nyingine, ndogo.

"Amezaa!" Yande alinishika mkono mpaka nikaumia. "Tazama pezi la mama, wifi."

Kipande cha wavu wa buluu kilikuwa kimelizunguka, ncha zake zimekatwa kwa kisu.

"Wavu wa Latyr," akasema. "Kaukata mwenyewe."

Kumbe alikata wavu wake mpya ili kumwokoa. Kaka yangu mwongo, lakini si muuaji. Hata Demba alisahau kututania.

Jioni Yande alisimama mbele ya mumewe uani.

"Ulitega ndani ya mpaka?"

Latyr aliinamisha kichwa. "Ndani."

"Kesho utaiambia kamati mwenyewe."

"Nitasema."

Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na yule mtoto wa nguva niliyemwona siku ile? Mzima?"

Yande aliangua kilio, akamkumbatia palepale mbele yetu sote.