Kisima Nilichokihamisha kwa Kalamu

Habari za kifo chake zilinikuta kwenye foleni ya maji hapa Lodwar, na aliyenipa alizisema kama anayesema jua ni kali. "Yule mzee wa mawe alikufa jana. Ni presha." Nilibaki nimeshika mtungi wangu, foleni ikinipita. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanamjua, ingawa sikumtaja jina wakati ule na leo pia sitamtaja. Ni yule mwanajiolojia niliyemcheka katika safu hii ya gazeti miaka kadhaa iliyopita. Nimechoka kulibeba jambo hili peke yangu.

Alikuwa ametumwa kutafuta mahali pa kuchimba kisima katika kijiji kimoja nje ya Kakuma, nami nikafuatana naye siku mbili. Tulipofika kwenye laga, ule mto wetu ambao kwa miezi mingi ni mchanga mtupu, alimega udongo wa ukingoni, akautia mdomoni, akatafuna. "Ukisikia chembe kwenye meno, maji yanaweza kupita," aliniambia. "Ukiteleza, huo ni udongo wa mfinyanzi, hayapiti." Kisha akakaa chini na kina mama wanaofukua mchanga kiangazi kutafuta maji, akawauliza ni shimo gani hukauka mwisho. Mmoja akanyoosha mkono. "Hapo kwa kona. Zingine zinakauka, hiyo haikaukangi." Akaniambia kwamba huenda chini ya kona ile kuna mwamba uliokatiza mto, unayazuia maji nyuma yake kama ukuta. Akapima, akapiga nyundo, akaandika kwamba kisima kichimbwe pale, mwendo wa nusu saa kutoka madukani.

Mimi nikarudi mjini nikaandika kwamba serikali inamlipa msomi aje kula udongo na kuuliza njia kwa wachunga mbuzi. Watu walicheka sana, nami nilifurahi. Sikujua kwamba kwenye kikao cha kuamua mahali pa kisima mtu angesimama asome safu yangu kwa sauti, yule mwanajiolojia mwenyewe akiwa ameketi palepale. Wakubwa walitaka kisima kiwe karibu na maduka, na maneno yangu yakawapa sababu. Kikachimbwa madukani. Maji yalipopanda tulipiga makofi, tukayaonja, tukatema. Zamani za kale palikuwa na ziwa pale, likakauka likaacha chumvi yake ardhini, na hayo alikuwa ameyaandika katika ripoti ambayo hakuna aliyeifungua. Leo wanaokunywa pale ni ngamia. Kina mama bado wanakwenda kwenye kona, wanafukua kwa mikono.

Tulikutana naye mara moja baada ya hapo. Nilitamani anigombeze. Akaniagizia chai, akasema, "Uliandika vizuri, hata mimi nilicheka," kisha akaniuliza habari za watoto. Nilikunywa chai ile nikaondoka bila kuomba radhi, na aibu hiyo ninayo mpaka sasa.

Sisi wa huku jiolojia tunaikumbuka wageni wanapokuja. Wakichimbua mifupa ya kale Nariokotome, tunajivuna. Wakitafuta mafuta Lokichar, tunapanga foleni ya vibarua. Wakiondoka, tunarudi kujenga nyumba kwenye njia ya laga na kushangaa mafuriko. Kumbe elimu yenyewe ni kujua tu ardhi unayoikanyaga ilitoka wapi, imeficha nini, na itakufanyia nini kesho. Nusu yake ilikuwa kwenye vitabu vya yule bwana. Nusu nyingine ilikuwa kwa wale kina mama, naye alikuwa na adabu ya kuifuata. Kuuliza si ujinga. Methali hiyo niliikariri darasa la tatu, nikaisahau siku niliyoihitaji.

Tulimzika Jumamosi. Yule mama aliyeonyesha kona alikuwa amekuja kutoka Kakuma kwa lori. Nikamsalimu kwa Kiturkana, "Ejok, mama." Badala ya kuitikia aliniuliza:

"Ni wewe uliandika ile maneno?"

"Ni mimi, mama."

"Watu walisoma?"

"Walisoma."

"Sasa andika ingine. Waambie kisima iko kwa kona."

Basi naandika, nimechelewa, na wa kumwomba radhi hayupo tena. Kisima kiko kwenye kona. Alisema mama, akasema yeye, na mwamba ungali palepale.