Kioo kwa Kadi

Juzi nilikuwa kwenye duka la vifaa vya umeme hapa Tanga, nyuma ya mzee mmoja wa mtaa wa Mabawa aliyekuwa akichagua kioo cha kompyuta. Mwanawe alimletea mashine kutoka Muscat bila kioo, na wajukuu hawalali, wanataka kucheza michezo ya ndege.

"Shikamoo, baba," alisema binti muuzaji. "Una kadi gani?"

Mzee alisahau hata kuitikia. Alipapasa mifuko ya kanzu, akatoa kadi ya chama. Binti akatikisa kichwa. Akatoa nyingine iliyochakaa, ya duka la mgawo. "Hii ninayo tangu enzi za foleni za sukari," alisema kwa sauti ndogo.

"Si hizo, baba. Kadi ya ndani ya mashine, ile inayotoa picha. Waya wa kioo hiki una sindano kumi na tano. Kama kadi yako ina matundu tisa, hautaingia. Nenda kahesabu kwanza."

"Nikirudi mtakuwa mmeshagawa."

"Hatugawi siku hizi. Tunauza."

Hakusadiki. Alivua kofia, akaiweka juu ya boksi la kioo, kama tulivyokuwa tukipanga mawe ya kushikia nafasi kwenye foleni, kisha akatoka kichwa wazi, mbiombio.

Tumeambiwa sasa kila kitu ni ruksa. Mimi nilifuata balbu tu, na dukani hapakuwa na mteja mwingine. Hata hivyo nilisimama nyuma ya ile kofia, nikingoja zamu yangu.