Yai Lililoganda Mbele ya Wakwe

Mie nikipita Ukonga hadi leo huwa navuta mtandio mpaka puani, na wala si kwa sababu ya vumbi. Kuna ukumbi mmoja pale wenye ukuta wa kijani, kila nikiuona nageuza uso, maana humo ndani nilijiaibisha mbele ya wanawake wa ukoo wetu na wa ukoo wa watu, na kilichoniaibisha ni yai moja tu la kuku wa kisasa. Mnacheka sasa hivi, sawa, lakini ngojeni nimalize ndipo mniambie kama bado mnacheka.

Rehema ni mtoto wa kaka yangu Bakari. Kaka alifariki Rehema akiwa bado anasoma shule ya msingi, na siku zake za mwisho aliniita kitandani akaniambia, "Asha, mwanangu akiolewa, wewe ndiye utakuwa mimi." Kauli hiyo nimeibeba miaka yote kama mtu aliyejitwika ndoo imejaa pomoni, kila hatua naogopa kumwaga. (Kaka huyo, Mungu amrehemu, jikoni alikuwa anajua kitu kimoja tu, kukaanga yai, na hilo lenyewe lilikuwa linamshinda. Jumapili mama Rehema akiwahi sokoni, Bakari anatoa kikaango chake cha bati, yai linaganda lote, basi baba na mtoto wanakaa mkekani na vijiko vyao wanakwangua ule ukoko huku wakigombania vipande. Nimewakutaga hivyo mara nyingi, wote midomo myeusi.)

Sasa Rehema akapata mchumba, kijana mtulivu, kwao huko huko Ukonga, na siku za kicheni pati zilipokaribia akaja kwangu Temeke, akaniamkia, akakaa kwenye kigoda karibu na cherehani yangu. Nikamuuliza anataka nini kutoka kwa shangazi yake. Akaniambia, "Shangazi, mie sitaki kikubwa. Nitafutie frampeni ya kukaangia, isiyogandisha, nzuri, ya kudumu. Ndogo tu, ya watu wawili." Naomba myashike maneno hayo, maana mie niliyasikia kwa sikio moja yakatokea kwa la pili. Nilichobaki nacho ni frampeni, basi. Hiyo ndogo, hiyo ya kudumu, viliishia hewani.

Na niseme ukweli kilichokuwa kinanisumbua. Upande wa mama yake walishajipanga, mmoja friji, mwingine jiko la gesi na mtungi wake, mwingine seti nzima ya sufuria, na maneno yalikuwa yananifikia kwamba upande wa baba tangu Bakari afe umekwisha, hakuna mtu. Na mie ushonaji mwezi ule ulikuwa umelala, cherehani inapiga viraka tu vya sare za shule. Kwa hiyo hiyo frampeni ndiyo ilikuwa friji yangu, ndiyo kabati langu, ndiyo kila kitu. Ndiyo ingesema kwamba Bakari ana watu.

Nikaanza vizuri tu, wenzangu, nikaenda duka la vyombo la Mama Fatema. Huyu ni mama wa Kihindi aliyezaliwa Temeke hapa hapa, na akianza kupatana bei utasahau kabisa kwamba kwao wanaongea lugha nyingine. Nikamwambia bajeti yangu imebana lakini nataka kitu cha maana, akanitolea frampeni moja ndogo, nyeusi tii, nzito kama tofali, mkono wake umefungwa kwa ribiti ngumu. Akaiweka juu ya kioo cha meza kunionyesha haichezi, kitako chake kimetulia, akanieleza kwamba zile nyepesi huwa zinapata moto sehemu moja, rangi ya ndani inababuka mapema, na akanisisitizia nikishainunua nisiikaribishe kitu cha chuma, mwiko wa mti na sponji laini basi. Maneno yote hayo yalikuwa bure, hakunidai hata shukrani.

Lakini mie wakati anaongea nilikuwa naitazama ile frampeni na kuwaza jambo moja tu, nikiinyanyua itaonekanaje. Maana kicheni pati zetu mnazijua, zawadi hutoi kimyakimya kama rambirambi. Unaitwa jina, muziki unafunguliwa, unaingia ukicheza toka mlangoni na zawadi yako umeinyanyua juu ya kichwa, ukumbi mzima unakukagua wewe na ulichobeba, halafu unapewa maiki umfunde bibi harusi matumizi yake. Basi nikaichukua ile ndogo pale pale dukani, nikaiinua juu, nikajitazama kwenye kioo cha kabati. Nilionekana kama mtu aliyeshika kifuniko cha birika. Mama Fatema akaniuliza nafanya nini, nikamwambia napima uzito. Nikaaga, nikasema narudi.

Sikurudi. Nilikwenda Tandika, na pale pembeni ya soko nikakuta kijana kapanga frampeni zake chini kwenye turubai, pana kama ungo, za kijivu zenye madoa meupe kama jiwe, mkono mwekundu, na mfuniko wa kioo juu yake. Kijana anapasua yai, bila mafuta, linateleza huku na huku kama mtoto kwenye sakafu yenye sabuni, na wanawake tumemzunguka midomo wazi. (Alikuwa ana kitambaa anafutiafutia kila anapomaliza. Kitambaa kile kilikuwa kinang'aa mafuta, na macho yangu yalikiona, ila akili ilikataa kupokea taarifa.) Bei yake ilikuwa ile ile ya ile ndogo. Nikaishika, nyepesi kama sahani ya plastiki, mkono unacheza kidogo, na mie badala ya kushtuka nikafurahi kwamba sitachoka kuinyanyua.

Hapo tungeweza kuishia, ningekuwa shangazi aliyenunua frampeni mbovu, mashangazi wa aina hiyo wako wengi. Tatizo asubuhi ya shughuli nikasema ngoja niijaribu kwanza. Nikaiweka kwenye jiko la mkaa, nikatia tone la mafuta kwa mazoea, yai likateleza vizuri sana, roho yangu kwatu. Ila nilipoigeuza, chini imeshika masizi, na ndani kuna kadoa ka manjano. Sasa mie niliyelelewa na mama ambaye sufuria zake ungeweza kujitazama ukachana nywele, niliyefundishwa kwamba mwanamke anajulikana kwa vyombo vyake, nimpelekee mtoto wa Bakari chombo chenye doa mbele ya wakwe? Nikachukua kigoda, stilwaya mpya ya nyuzi za chuma, majivu na kipande cha sabuni, nikasugua. Nikasugua nje, nikageuza nikasugua na ndani, kwa nguvu na kwa mapenzi, huku naimba. Maji yakatoka ya kijivu, yale madoa meupe mengine yakaondoka nayo, nikasema kumbe hata kiwandani huwa hawaoshi vizuri. Nilipomaliza ilikuwa inameremeta. Nikaifunga kwenye karatasi ya zawadi, nikaweka na yai moja kwenye mkoba, nimeliviringisha kwenye leso.

Ndiyo, niliondoka na yai nyumbani. Mtu asije akasema nilisukumwa.

Ukumbini Rehema alikuwa amekaa mkekani katikati, kafunikwa kanga, kichwa chini kama desturi inavyotaka, bibi harusi siku hiyo hasemi wala hainui macho. Friji ikapita, watu wakapiga vigelegele. Jiko la gesi likapita. Mshereheshaji, mama mmoja mwenye sauti ya kukwaruza, akaita, "Upande wa baba, shangazi mtu." Nikaingia. Nilicheza wenzangu, sitawaficha, goti langu bovu lilipona kwa muda, frampeni iko juu mfuniko unapiga mwanga, na ukumbi ukaitikia. Nikapewa maiki. Ningesema mwanangu nakutakia ndoa njema nikakaa zangu, lakini maiki ina shetani wake. Nikasikia sauti yangu inasema wengine wameleta vikubwa, mie nimeleta akili, na humu yai linateleza bila tone la mafuta. Nikaomba lile jiko la gesi liwashwe. Na kama vile hiyo haitoshi, nikamwita mama mkwe wa Rehema toka meza ya mbele aje asimame karibu awe shahidi. Yule mama mtaratibu akanyanyuka na kanga zake akaja.

Nikapasua yai. Likashika pale pale lilipoangukia. Nikaitikisa frampeni, yai limetulia kama limepigwa plasta. Nikacheka kidogo, nikasema bado halijapata moto, nikaongeza moto, na moshi ukaanza kupanda. Mtu wa muziki akapunguza sauti, sijui nani alimtuma. Kwa kiherehere nikavuta kijiko cha chuma kwenye meza ya chakula, nikaanza kukwangua, na kila nikikwangua vinabanduka na vipande vyeusi vinachanganyika na ute, halafu mkono ule mwekundu ukazunguka, frampeni ikainama upande, yai nusu likabaki limening'inia.

Mama mkwe akainama akatazama. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Mzazi mwenzangu, hizo nyeusi ni pilipili manga?"

Angekuwa ananikejeli ningejua la kujibu, mdomo ninao. Lakini mama wa watu alikuwa anauliza kweli. Ukumbi ukapasuka kwa kicheko, wengine wanashikana mabega, simu zimenyanyuliwa zinarekodi, na nyuma kabisa nikasikia mtu anasema, "Upande wa baba huo." Yale mengine ningeyavumilia, ila hilo lilikuwa la Bakari, na mie ndiye nilikwenda kulichokoza.

Nikiwa bado nimesimama na kijiko mkononi, nikaona kanga inasogea. Rehema alikuwa ameinuka mkekani, kinyume cha desturi, kaja mpaka kwenye jiko. Akanipokea kijiko, akakwangua pale palipoungua zaidi, nikataka kumzuia maana sikujua hivyo vyeusi ni sumu au ni nini, lakini alikuwa ameshatia mdomoni. Akatafuna. Maiki nilikuwa bado nimeichomeka kifuani, kwa hiyo ukumbi mzima ulimsikia.

"Tamu, shangazi. Kama la baba."

Kicheko kikakatika. Mama mkwe akamuuliza mtu wa pembeni habari za huyo baba, akaelezwa, akarudi kukaa taratibu. Na Rehema, aliyeinuka kunisitiri mie, akaanza kulia, wanja ukashuka hadi kwenye kola ya gauni ambalo nilimshonea mwenyewe, akawa analia kama siku ile tuliyotoka makaburini. Mama yake akaja akamkumbatia. Jamani, hapo ndipo aibu yangu ilipo, si kwenye yai. Watu kucheka ni kawaida yao na kesho wanapata kingine. Lakini mtoto yule alikuwa na siku moja tu ya kufurahi kabla hajaondoka kwao, na mie niliyeachiwa nafasi ya baba yake nikaigeuza siku hiyo ikawa matanga. Alichoniomba ni frampeni ya kupikia, mie nikamtafutia ya kuchezea muziki.

Baada ya harusi nikarudi kwa Mama Fatema. Ile ndogo nyeusi ilikuwa bado ipo. Akaniuliza kama safari hii nimemaliza kupima uzito, nikamwambia nimemaliza. Nikachukua na mwiko wa mti, akanifungia kwenye gazeti, sikutaka karatasi ya maua, nikaenda zangu hadi Pugu walikopanga maharusi, bila ngoma wala kigelegele. Na tangu siku hiyo nimejiapiza, kwenye kicheni pati ya mtu mimi natoa kanga, tena nampa mtu mwingine anipelekee mbele, na maiki nikiiona inakuja upande wangu naenda chooni. Mtoto akiniomba kidogo, nitampa hicho hicho kidogo alichokiomba, kizuri.

Rehema alinipokea kwa furaha, hakugusia ya ukumbini hata kidogo. Ile kubwa nikaiona imetundikwa ukutani kwenye msumari, mkono umefungwa waya, na mfuniko wake wa kioo umefunika ndoo ya maji. Nikamwambia aitupe, akasema haitupi. Akawasha jiko, akapasua yai kwenye ile mpya, moto mdogo, mwiko wa mti kama nilivyomwelekeza, na yai likateleza lote likaingia kwenye sahani, zima, la kupendeza. Akabaki amesimama anatazama ndani ya frampeni iliyo safi kama haijapikiwa. Akapitisha mwiko taratibu kwenye kingo, kuzunguka.

"Hakuna cha kukwangua, shangazi," akaniambia, akacheka kidogo.

Tukakaa chini mkekani tukaligawana, yeye nusu na mie nusu. Lilikuwa yai zuri sana, na mie moyoni nikatamani lingeganda japo kidogo.