Makovu ya Ndani

Pampu ya kunyunyizia dawa ikiziba, watu wetu wa Ngoliba hufungua kichwa chake, pale dawa inapotokea, wakakipuliza kwa mdomo. Baba mkwe alipuliza, majirani wanapuliza, na mume wangu naye alipuliza tangu tuoane. Jioni wanakunywa paketi ya maziwa na kuhesabu mambo yameisha.

Siku hiyo alikuwa akiua magugu kwenye shamba tulilokodi kule, na pampu ilimsumbua tangu asubuhi. Tena ilikuwa ikimvujia mgongoni. Alirudi nyumbani Ruiru akisema ulimi unawaka. Kesho yake mdomo mzima ulikuwa vidonda, hata uji haukupita.

Hospitalini Thika walisema figo zimeguswa na ile dawa, wakamtundikia maji. Nilipouliza mbona hawamwekei oksijeni kama mgonjwa wa kitanda cha pili, daktari alinieleza kwamba sumu hii hupata nguvu kwenye oksijeni. Nilikasirika. Niliona kama mtu ananyimwa hata hewa. Lakini vidonda vilipona, mkojo ukarudi sawa, akaanza kula ugali na kunitania kwamba nimekonda kuliko yeye. Nikarudi kiwandani kumenya mananasi nikijua tumeponea chupuchupu.

Kumbe sumu ilikuwa imebaki kwenye mapafu. Baada ya majuma machache akawa anahema kwa kuvaa viatu tu. Daktari yule yule akasema mapafu yanafanya makovu, na hakuna dawa ya kuyaondoa. Mume wangu alitikisa kichwa, akasema atarudi shambani mvua ikinyesha. Nikamwamini, kwa sababu nilitaka sana kumwamini.

Tunakaa ghorofa ya nne. Akipanda husimama kila ghorofa, anatoa simu na kujifanya anasoma kitu. Mimi nasimama nyuma yake na mfuko wa sukuma wiki, najifanya sioni. Nimechoka na kazi, lakini kujifanya kunanichosha zaidi.

Juzi msimamizi wa ploti tunamopanga alibisha, akaniambia kuna nyumba imeachwa huko chini, karibu na geti. Nilimshukuru, nikamwambia hatuihitaji, mzee anapata nafuu.

"Mwambie," mume wangu akasema kutoka kitandani. Akavuta pumzi. "Mwambie tunaichukua."

Nilibaki nimeshika mlango. Alikuwa ameshaacha kungoja kupona, na hakuwa ameniambia.