Bibi Yangu Anasoma Mawasiliano

Bilkisi ni mtoto wa mwanangu Rachid. Baba yake anauza makala, mkaa wa kupikia, kule Mutshatsha. Yeye tulimchukua hapa Manika, mjini Kolwezi, asome, mi na mke wangu Djamila. Djamila alikufa wakati wa mvua. Tangu hapo tuko wawili kwa nyumba, mi na mjukuu.

Namwita bibi yangu. Kwetu bibi ni mke. Babu anamwita hivyo mjukuu wake wa kike, na mjukuu anamwita babu bwana. Ni mchezo wa zamani, hakuna anayeshangaa. Nasema mapema kwa sababu mambo yote yalitoka hapo.

Ni msichana mrefu, mwembamba, anacheka kwa pua. Anatembea akisema na simu. Mwanzoni nilidhani kuna kijana. Hapana, anasema na watu wote pamoja. Anasoma mawasiliano: redio, magazeti, na haya mambo ya kwenye simu. Mwaka huu ni wa kumaliza. Profesa wake, Ngeleka, alimpa kazi ngumu: aanzishe kitu kwenye internet, na watu wasiomjua wakimalize. Si kutazama, ni kutia mkono. Watu wasipotia mkono, hana kazi ya kutetea, na mwaka anaurudia.

Akafungua ukurasa, akauita Maliza Weye. Aliimba nusu ya wimbo, akasema maliza weye. Alianza hadithi ya sungura aliyenunua taksi-moto, pikipiki ya kubeba watu, akaiacha njiani. Alichora nyumba bila paa. Watu wakaweka kamoyo kekundu, wakapita. Kama wapita njia mbele ya msiba: mtu anavua kofia, anaendelea na safari yake.

«Banapenda,» nilimwambia.

«Babu, kupenda si kushiriki. Weye ukipenda bukari bila kunawa mikono, utashiba?»

Bukari ni ugali wetu, na mi naupenda sana.

Ana rafiki, Tina, jirani yetu. Anasuka nywele za watu, na mdomo wake haupumziki. Asubuhi moja alikuja na simu mpya, akawa anaijaribu. Mi nilikuwa nakunywa chai.

«Bibi yangu,» nikasema, «sukari njo hii tu?»

«Bwana yangu, munganga alikataza.»

«Munganga njo bwana yako, ao ni mi?»

«Bwana ni weye. Lakini yeye njo nasikiaka.»

Tina alikuwa ameshika yote kwenye simu, sauti na picha. Akaitia kwenye Maliza Weye bila kuuliza mtu. Bilkisi akamkaripia kidogo, kisha akaenda masomoni.

Mchana alirudi mbio. Ukurasa umejaa. Alinisomea amesimama.

Mtu wa Tanga ameandika: «Huyo babu macho yake mazima kweli? Binti mdogo vile anamwita bibi!» Kwao bibi ni mama wa baba au wa mama.

Mwingine, wa mbali, hajui Kiswahili, jirani yake ndiye alimtafsiria: «Mzee ameoa mwanafunzi. Serikali iko wapi?»

Na mwanamke mmoja: «Kuoa ameoa. Lakini mke gani anamnyima mume sukari?»

Halafu wakaanza kugombana wao kwa wao. Hawa wanasema nyanya, wale wanasema mke. Hakuna aliyetuuliza sisi.

Jioni nilitoka kununua mkate. Moussa wa taksi-moto yuko pale kwenye kona na wenzake.

«Tata Alimasi, pongezi,» akaniambia. «Harusi ilipita, hatukukula hata kitu.»

«Baba yako alikula kwa ile ya kwanza,» nikamjibu. «Na alibeba ingine mu mufuko.»

Wenzake walimcheka. Mi nilirudi bila kununua mkate.

Rachid naye akapiga simu. Nilimsikia mpaka kwenye mlango.

«Bilkisi, ondoa ile kitu. Hapa ku gari-moshi batu bananiuliza kama mutoto wangu njo mama yangu mudogo.»

Simu ikakatika. Bilkisi akakaa chini karibu na mbabula, jiko letu la makala, akawa anapepea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri.

«Nikiondoa, sina kazi,» akasema. «Nikiacha, jina yako inaharibika. Babu, niondoe?»

«Nilikuita vibaya?»

«Apana.»

«Djamila alikuwa anakasirika nikikuita vile?»

«Alikuwa ananiita mwenzake. Alikuwa anasema, mwenzangu, leo zamu yako kupika.»

Nikabandika maji ya chai. Maji yakachemka.

Mi nilitaka aeleze. Aseme tu kwamba ni mjukuu, ni desturi, watu wanyamaze. Alikataa. Alisema ukieleza, watu wanasema aksanti na wanakwenda. Ukiuliza, wanakaa. Akafuta uso kwa kitenge, akamwita Tina ashike simu.

«Kwetu Kolwezi babu ananiitaka bibi,» akasema mbele ya simu, «ni kusema muke wake. Na muke wake mwenyewe alikuwa ananiita mwenzake, alikuwa ananipatia zamu ya kupika. Kwenu je? Mupigie bazee benu simu, mutie sauti yao hapa. Maliza weye.»

Yule wa Tanga alikuwa wa kwanza kurudi. «Nimempigia babu nimuulize,» akasema. «Ameniambia: mchumba, leo ndio umenikumbuka? Basi nafunga mdomo wangu.»

Baada ya huyo, mlango ulivunjika. Kijana wa Kasai anayechimba shaba huku kwetu alitia sauti ya nyanya yake: «Bwana gani anakwenda mbali hivyo, hatumi hata kitenge?» Mwingine babu yake anamwita shemeji, na hakuna anayejua kwa nini. Mwanamke wa Kindu alimwambia mjukuu wake wa kiume kwamba ameolewa na mtu mvivu. Mtu alichora picha. Mchimbaji mwingine, jina Glodi, alichukua sauti za wazee, akazipanga juu ya mlio wa nyundo na jiwe, ikawa wimbo. Sasa watoto wa mtaa wetu wanaucheza.

Nilikuwa nakaa pale na Bilkisi nasikiliza. Wazee wa mahali ambako sikufika wanaita wake zao, waume zao. Nilitafuta kama kuna sauti moja inayofanana na ya Djamila. Hakuna. Lakini zilijaza nyumba. Siku nyingine nilicheka, na Bilkisi akaongeza sauti ya simu bila kunitazama.

Siku ya kutetea kazi nilikwenda, nikakaa nyuma. Profesa Ngeleka ni mtu wa miwani na sauti ndogo.

«Mademuazeli,» akasema, «hapa weye ulifanya nini? Mi naona kazi ya batu.»

«Profesa, mu kilio mutu moja njo anaanzaka wimbo. Asipoanza, batu banakaa kimya. Akianza, wimbo si yake tena.»

«Ulijua kama batagombana juu ya ile neno?»

«Apana. Tulikuwa tu ku chai.»

Watu wakacheka. Profesa pia, kidogo.

«Basi ulijifunza nini?»

«Nilikuwa nawapatia nusu, nasema mumalize. Hakuna alikuja. Batu balikuja siku balidhani tumekosa. Kukosoa njo mulango. Banaingia pale, kiisha banakaa, banaanza kutengeneza.»

Profesa akaandika kitu. Akasema kazi imekubaliwa, ila ataweka sahihi siku majina ya wote waliotia sauti yatakuwa mbele ya kazi, yametolewa na wenyewe. Kazi ya watu haitembei bila majina yao.

Bilkisi akaanza kuwatafuta. Wote walitoa, wengine na majina ya utani juu. Akabaki mama mmoja mzee wa Mutshatsha. Ndiye mwenye sauti nzuri kuliko wote: anamwita mjukuu wake «bwana yangu mwenye ndevu za mahindi». Bilkisi alimpigia simu.

«Jina yangu haipitake mu simu,» yule mama akajibu. «Mukuje mukule.»

Tukapanda minibus Jumamosi; kwa Rachid tungepita jioni, hasira yake ilikuwa imepoa. Bilkisi alitaka nivae shati jeupe.

«Ya nini?»

«Mwenzangu hangekubali utoke na ile ya mafuta.»

Nikavaa. Ile njia naijua, niliipita miaka mingi na kamyo, lori la makala. Nilimwonyesha mahali gurudumu lilitoka, likaenda peke yake mpaka kwenye shamba la muhogo. Alitaka kunishika kwenye simu. Nikamwambia atazame nje.

Yule mama mzee alikuwa ametutengea sombe, majani ya muhogo, na samaki. Bilkisi akatoa kalamu.

«Mama, jina kwanza.»

«Mutoto wa masomo, nawa mikono.»

Akanawa. Mama akamwekea bukari, akangoja mpaka amekata tonge na kulichovya.

«Mbombo,» akasema. «Mbo, mara mbili. Usinipunguze.»

Bilkisi aliandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa kwenye sahani.