Kibunda Nilichokifungua Muthara

Nina hasira, na wa kwanza kunikasirisha ni mimi mwenyewe. Nasomea sheria ng'ambo, kwenye chuo kikongwe chenye wanafunzi wa kila taifa. Muhula mzima tumefundishwa kwamba mtu anaweza kukubali mkataba kwa kitendo tu, bila kutia sahihi. Mtihani wenyewe niliongoza darasa!

Basi nikaja likizo kwetu Muthara, ingawa mimi nililelewa Embu, baba alikokuwa akifanya kazi. Jumamosi baba akaenda Nkubu kumwona mgonjwa. Huku nyuma wakaja wazee kutoka Maua, wamebeba kibunda cha miraa kilichofungwa vizuri kwa majani ya mgomba.

"Mwenye boma yuko?"

"Leo ni mimi," nikasema, kifua mbele.

Wakanikabidhi. Nikadhani wanampongeza msomi! Nikakifungua hapo hapo, nikatafuna, nikawagawia na majirani. Wazee wakatabasamu, wakanishika mkono mmoja mmoja, wakaenda zao. Na wao nao, hawana midomo ya kusema?

Baba aliporudi akaona majani ya mgomba sakafuni, akashika kichwa.

"Nani amefungua hii? Wamekuja kumposa Kendi! Ukishaitafuna, umekubali!"

Kendi ni dada yangu, na huyo mwanamume ameshamkataa. Nikaanza kueleza kwamba sikuwa na nia, kwa hivyo kisheria...

"Nyamaza!" Kendi akafoka kutoka jikoni. "Aliyetafuna ni nani? Basi wakirudi na mbuzi wao, utaolewa wewe!"