Orpha Stuckey na Masikio ya Mwaka 1837

Orpha Stuckey alikuwa karani wa kaunti yetu miaka thelathini na minne. Alipostaafu, alishuka orofa ya chini ya mahakama akakataa kupanda. Huko ndiko kulikolundikwa vitabu vya kwanza vya kaunti: mashamba, ndoa, kesi, na alama za masikio ya nguruwe, maana babu zetu waliwaacha nguruwe wao wazurure msituni, na kila mfugaji akasajili mkato wake wa sikio.

Bomba lilipopasuka, kamati ya majengo, ambayo mimi ni mwenyekiti wake, iliamua vitabu vilivyolowa vitupwe. Saini ni yangu, na inasomeka vizuri. Orpha alivibeba kwa toroli hadi kwake, akavikausha jikoni, ukurasa kwa ukurasa katikati ya mashuka, huku akipangusa ukungu kwa brashi ya kupakia mikate siagi. Majirani walimcheka. Nami nilicheka, ila kwa adabu.

Kisha ukatangazwa Ukuta wa Waanzilishi, wa majina ya koo za kwanza za kaunti. Jina haliingii mpaka ukoo uonyeshe hati kwamba ulikuwapo kabla ya 1838, na hati yenyewe hutundikwa kwenye fremu. Marehemu mume wangu, Thaddeus Wetherald, alikufa akiusubiri ukuta huo. Akina Wetherald walikuwapo. Hilo hata kuku wanalijua. Ila hati ya shamba letu ni ya 1841.

Zikiwa zimebaki siku mbili kabla ya maombi kufungwa, nilibisha kwa Orpha na pai ya tufaha mkononi.

"Karibu, mwenyekiti. Umekuja kutupa vilivyobaki?"

"Acha hizo, dada. Namtafuta Josiah Wetherald, mwanzilishi wa ukoo wetu."

"Josiah? Huyo ninaye tangu masika." Akafunua kitabu kilichovimba kama mkate. "Oktoba 1837. Hatia ya kuiba nguruwe wa mchungaji wa kanisa."

"Labda walimsingizia."

"Alimkata nguruwe masikio ili alama isionekane, halafu akayatia mfukoni. Kakutwa nayo! Nyie akina Wetherald hamjawahi kujua cha kutupa na cha kuweka."

Nilimsogezea pai.

"Hakuna hati nyingine?"

"Hakuna. Mwizi wa 1837 au muungwana wa 1841. Chagua."

Nilimfikiria Thaddeus. Nikafikiri pia, kama msomi, kwamba mtu hawezi kuiba nguruwe wa kaunti asimoishi. Nikajaza fomu.

Siku ya uzinduzi nilivaa kofia yangu pana na kusimama karibu sana na fremu yetu, hivi kwamba wageni waliona jina na mwaka, basi. Waliniamkia kwa heshima inayonistahili. Ndipo akaja Orpha, na sauti yake ileile ya kuitia mashahidi:

"Sogea kidogo, dada. Watu hawajafika kwenye masikio."